RAMANI ZA MJI WETU: NANI ALIZICHORA, NA NANI ALIULIZWA?

Mwaka jana, baada ya hitma ya mzee wetu mmoja, watu walipokwisha kula na wakawa wanangoja chai, wazee wawili walishikana maneno kwa ajili ya kisima. Mmoja alisema kisima cha mtaani kwao Unguja kilikuwa nyuma ya msikiti. Wa pili akaapa kuwa kilikuwa mkabala na duka la mikate, na kwamba nyuma ya msikiti hapakuwa na kitu ila mkunazi. Kijana mmoja akawaletea kalamu na bahasha kubwa iliyopasuliwa, akawaambia, "Basi chorani, babu zangu, tuone."

Wakachora. Chai ilipofika, bahasha ilikuwa imekwisha pata msikiti, mfereji, duka la mikate, baraza la wacheza bao, nyumba ya mwalimu wa chuo, na vichochoro vitatu. Wazee wengine wakasogea, kila mmoja na lake. Kisima kikaandikwa mahali pawili, kwa kuwa hapana aliyekubali kushindwa. Niliiomba bahasha ile nikaichukua nyumbani, na usiku niliiangalia tena. Upande wa magharibi, hadi baharini, haikubaki nafasi hata ya kuweka kidole. Upande wa mashariki, ng'ambo ya mstari wa barabara, palikuwa na neno moja tu: "Ng'ambo". Pengine pote palikuwa karatasi nyeupe.

Weupe ule ndio ulionifanya nishike kalamu. Nimesomesha jiografia miaka mingi, na nimewafundisha watoto kuwa ramani ni picha ya nchi kama anavyoiona ndege. Leo nataka kusahihisha somo langu. Ndege hajui jina la mtaa, wala hajui nani mwenye nyumba na nani mpangaji. Ramani ya mji huchorwa na mtu, na mtu huchora alichokiona, alichoambiwa na alichokitaka. Kwa hiyo kila tunapoitazama ramani yafaa tuulize mambo mawili: nani aliichora, na nani aliulizwa?

Mfano wa hapa tulipo

Kabla ya kwenda kwetu, natoa mfano wa hapa London, ambao watoto wetu wausoma skuli. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kiliingia mtaa wa Broad Street, katika Soho, na kikaua watu zaidi ya 600. Wakati ule wengi waliamini kuwa maradhi yale yaletwa na hewa chafu. Daktari John Snow alishuku maji. Akachukua ramani ya mtaa, na kila nyumba iliyofiwa akaitia alama kwa hesabu ya maiti wake. Alama zikajazana kuizunguka pampu moja ya maji. Tarehe 8 Septemba mkono wa pampu ile uliondolewa.

Hayo yajulikana. Lisilosemwa sana ni kuwa ramani peke yake haikutosha. Palikuwa na nyumba ya maskini karibu na pampu, nayo ilipata maiti wachache mno. Ilikuwaje? Ilibidi mtu aingie aulize, ndipo ikajulikana kuwa nyumba ile ilikuwa na kisima chake. Tena palikuwa na padri kijana wa mtaa ule, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakumwamini Snow hata kidogo. Padri huyu aliwajua watu wake kwa majina, akapita mlango hadi mlango akiwauliza waliofiwa nani alikunywa maji gani na siku gani. Ndiye aliyemgundua mtoto mchanga aliyeugua kwanza, na kuwa maji yaliyofuliwa nguo zake yalimwagwa katika shimo lililo karibu na pampu. Daktari alikuwa na ramani, padri alikuwa na watu, na mambo mawili hayo yalipokutana ndipo ukweli ulipokamilika.

Tuuchukue mfano huo tuvuke nao bahari.

Waliotuchora wa mwanzo

Mji wa Unguja umechorwa mara nyingi na wageni. Miongoni mwa ramani za zamani zilizo maarufu ni ile ya nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyefika kwa manowari yake mwaka 1846, zama za Sayyid Said bin Sultan. Ramani ya baharia huanzia majini: humtaka mtu ajue bandari iko wapi, ngome iko wapi, na nani mkubwa wa kumwendea. Hatumlaumu, kwani aliyekuja kwa safari ya biashara na siasa alichora kwa haja zake.

Ramani iliyo bora zaidi ni ya mwaka 1892. Hii yafaa tuijue sisi, kwa sababu mchoraji wake hakuwa Mzungu. Alikuwa Mwislamu wa Bara Hindi, Imam Sharif Khan Bahadur, mpimaji aliyefunzwa katika idara ya upimaji ya India. Huyu ndiye aliyefuatana na Theodore Bent na mkewe Mabel katika safari yao ya Hadhramaut ya mwaka 1893 na 1894, na wale miongoni mwetu wenye asili ya huko huenda babu zao walimwona akipita na vyombo vyake vya kupimia.

Ukiiangalia ramani ya Imam Sharif, utaona mji umekaa juu ya rasi ya pembe tatu, na nyuma yake mkono wa bahari unaoingia na kutoka kwa maji kujaa na kupwa, ukiutenga mji na upande wa pili. Jina la Darajani latokana na daraja lililovuka maji hayo, na jina la Ng'ambo lina maana hiyo hiyo: upande wa pili wa maji. Baadaye, katika karne ya 20, mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo mpaka ukawa nchi kavu, barabara, viwanja na masoko. Maji yameondoka, jina limebaki.

Jambo kubwa katika ramani ile ni kuwa mpimaji alipambanua nyumba za mawe na vibanda vya miti na udongo. Na hapa tunapata somo. Sisi tumezoea kusema kuwa upande huu ulikuwa wa mawe na upande ule wa udongo, kana kwamba Mwenyezi Mungu alipitisha kisu. Ramani haisemi hivyo. Ndani ya rasi yenyewe mlikuwamo vibanda vingi, vimesongamana baina ya majumba. Watu wa hali mbalimbali walikuwa majirani. Mstari mnene tunaouona leo baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo ulizidi kunenepeshwa baadaye, na kalamu za wapangaji miji zilisaidia kuunenepesha.

Kalamu za wapangaji

Mwaka 1922 serikali ya Kiingereza ilimwita H. V. Lanchester, msanifu aliyekwisha kufanya kazi India, aje atazame mji na kutoa shauri. Kitabu chake kuhusu Zanzibar kilitoka mwaka 1923. Mengi aliyoyashauri hayakutekelezwa, lakini desturi ilikuwa imekwisha anza: mtaalamu aje, atembee, achore mji unavyopasa kuwa, kisha aondoke.

Wakati huo Ng'ambo ilikuwa imejaa watu wengi kweli kweli, na palikuwa na jambo ambalo halionekani katika ramani hata mpimaji awe hodari namna gani. Nyumba ilikuwa ya mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwengine, au ni ya wakfu. Mwenye nyumba alijenga kwa miti yake na makuti yake, kisha akalipa kodi ya kiwanja. Juu ya karatasi utaona kijumba kimoja cha pembe nne, kumbe mna haki za watu wawili, na pengine wa tatu ni mpangaji wa chumba. Kodi zilipozidi kupandishwa, mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa. Ulikuwa mgomo mkubwa, nao uliwatia wakubwa katika hofu. Kwa mtu aliyeijua Ng'ambo kwa karatasi tu, jambo lile lilizuka kama radi. Kwa mtu aliyekaa barazani jioni akasikiliza, halikuwa siri.

Mwaka 1958 ukaja mpango mwengine, wa Henry Kendall, aliyekuwa mpangaji miji wa serikali ya Kiingereza huko Palestina, kisha Uganda. Mpango huo nao haukupata umri. Januari 1964 yalitokea Mapinduzi, na mambo yake kila nyumba inayosoma kitabu hiki yayajua kwa namna yake. Sitayaeleza hapa. Nasema tu kuwa serikali mpya ilitaka mji mpya, nayo pia ikatafuta mtaalamu wa kuuchora. Mwaka 1968 wataalamu kutoka Ujerumani ya Mashariki, chini ya Hubert Scholz, walitoa mpango wao.

Michenzani

Kabla ya mpango huo Wajerumani walikwisha saidia kujenga majumba ya Kikwajuni na Kilimani. Lakini lililogeuza sura ya mji ni Michenzani. Katikati ya Ng'ambo zilipitishwa barabara mbili pana zinazokatana kama msalaba, na kandokando yake, kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970, yakasimamishwa majumba 10 ya ghorofa, mengine marefu karibu mita 300. Ili msalaba ule upite, nyumba zilizokuwapo zilivunjwa kwa wingi, na pamoja nazo vichochoro, mabaraza, vibanda vya maduka na miti.

Nataka kuwa mwadilifu. Watu wengi walipata katika majumba yale maji ya mfereji na taa za umeme ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza maishani mwao. Nimewasikia akina mama wakisema kuwa siku waliyopewa ufunguo walilia kwa furaha. Nimewasikia na wengine waliolia kwa sababu nyingine, kuwa jirani wa miaka 30 ametupwa jumba la pili, na hapana tena mahali pa kukaa chini ya mti wakati wa alasiri. Kilio cha furaha na kilio cha msiba vyote viwili ni vya kweli.

Ninalolisema ni hili. Mistari ile miwili isingaliweza kupigwa moja kwa moja juu ya ramani iliyojaa. Ingaliwekwa wazi kuwa hapa ndipo anapokaa fundi wa ngoma, hapa ndipo klabu ya mpira inapokutana, hapa kuna kaburi la walii, hapa wanawake hukusanyika kufuma makawa, mkono wa mchoraji ungalisita. Huenda barabara ingalipita vile vile, lakini ingalipinda mahali. Juu ya karatasi ambayo Ng'ambo ni weupe wenye neno moja tu, rula hupita bila ya kujikwaa.

Na weupe huo haukuletwa na Wajerumani. Waliukuta. Walikuwa wameuachia waliotangulia, tangu zama ambapo Ng'ambo ilihesabiwa kuwa ni nyuma ya mji. Wala haukuisha baada yao. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe, mwaka 1994 ukakamilika mpango wa kuuhifadhi uliosaidiwa na Taasisi ya Aga Khan, ambao ulipima na kuandika majengo moja moja, na mwaka 2000 UNESCO iliutia Mji Mkongwe katika urithi wa dunia. Kazi njema zote hizo, na bila shaka nyumba nyingi zingalianguka lau si hizo. Lakini kila mlango wa upande mmoja ulipohesabiwa na misumari yake ya shaba, upande wa pili, walikokaa watu wengi zaidi, ulikuwa ungali unangoja zamu yake.

Zamu ya kuulizwa

Alhamdulillahi, zamu hiyo imefika. Katikati ya miaka ya 2010 idara ya mipango miji ya Zanzibar, ikishirikiana na wataalamu wa Uholanzi, ilianza kazi iliyopewa jina la kupendeza: Ng'ambo Tuitakayo. Hawakuanza kwa kuchora barabara mpya. Walianza kwa kuuliza. Yakaandikwa mabaraza, klabu, sinema za zamani, miti, viwanja vya michezo, na hadithi za mitaa. Mwaka 2019 kilitoka kitabu kikubwa cha ramani za Ng'ambo. Mimi nilipokifungua nilitafuta kwanza mtaa wa mama yangu mkubwa, nikakaa nao muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Mambo kama haya yamefanyika pia bara. Mjini Nairobi, Kibera ilikuwa makazi ya watu wasiohesabika kwa urahisi, na katika ramani za serikali palionekana kama pori. Mwaka 2009 vijana wa hapo hapo walifundishwa kutumia vyombo vya kupimia, wakachora njia, vyoo, zahanati na visima vyao wenyewe. Mjini Dar es Salaam, baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011, ilionekana kuwa hapana aliyejua vizuri mitaro ya mji inapita wapi. Mwaka 2015 ikaanza kazi ya Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wenzao walipita mitaani pamoja na wenyeji, na ramani waliyoichora si mali ya mtu. Kila mmoja aweza kuitazama na kuisahihisha.

Mambo mawili ya Ramani Huria yamenifurahisha kama mwalimu. La kwanza ni namna walivyopima mafuriko yaliyokwisha pita. Hapakuwa na chombo kilichokuwa kimewekwa kupima maji siku ile, basi wakamwuliza mwenye nyumba: maji yalikufika wapi? Kwenye kifundo cha mguu, magotini, au kiunoni? Mwili wa mtu ukawa kipimo, na kumbukumbu yake ikawa daftari. La pili ni mipaka ya mashina. Mitaa ya Dar es Salaam imegawanywa katika mashina, na kila shina lina mjumbe wake. Mjumbe ajua hasa shina lake laanzia mlango upi na laishia mlango upi, lakini mipaka hiyo haikuwa imeandikwa katika ramani yoyote. Ilikuwa vichwani mwao. Vijana wakatembea nao hatua kwa hatua mpaka vichwa vya wajumbe vikawa mistari juu ya karatasi. Mjumbe mmoja akifa kabla ya hapo, mpaka wake ungalizikwa naye.

Unguja na Pemba nazo zimepigwa picha kwa ndege ndogo zisizo na rubani, kazi iliyoanza mwaka 2016, na miongoni mwa walioifanya ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Leo mjukuu wangu akaa sebuleni hapa Uingereza akanionyesha paa la nyumba tuliyokuwa tukikaa. Aliliona paa nami nikaliona. Lakini aliponiuliza, "Babu, kwa nini mtaa huu waitwa hivi?" ndege haikuwa na jawabu. Jawabu lilikuwa kwangu, na mimi nina umri.

Weupe wetu wenyewe

Sasa narudi kwenye bahasha yetu. Ni rahisi kumlaumu nahodha Mfaransa, na mpangaji wa Kiingereza, na msanifu wa Kijerumani. Lakini bahasha ile ilichorwa na sisi, baada ya dua, hali tumekaa katika jamvi moja. Hapana mgeni aliyetushika mkono. Na sisi vile vile tulipofika ng'ambo ya barabara tuliandika neno moja tukaiacha karatasi nyeupe.

Aghalabu familia zilizomo katika kitabu hiki zilikaa mjini, baina ya Shangani na Malindi, Mkunazini na Sokomuhogo. Ndiyo mitaa tunayoiota. Lakini tujiulize: nani aliyetuletea maji kabla ya mifereji kuingia ndani? Fundi aliyechonga mlango alilala wapi? Mwanamke aliyewalea watoto wetu, akiondoka jioni, alikwenda wapi? Walivuka Darajani wakaenda makwao: Miembeni, Kisiwandui, Vikokotoni, Mwembetanga, Kikwajuni, Jang'ombe. Sisi tuliwajua kwa majina yao, lakini milango yao wengi wetu hatukuijua. Na wapo miongoni mwetu hapa, tena si wachache, ambao wazee wao walitoka huko huko Ng'ambo, na katika mikusanyiko yetu husikiliza hadithi za Shangani kwa adabu na kunyamaza. Katika hitma ile alikuwapo mmoja. Nilipompigia simu baadaye nikamwuliza kwa nini hakuitwaa kalamu, alinijibu kwa upole, "Maalim, sikuulizwa."

Jibu hilo halijanitoka.

Basi natoa shauri. Kabla ya kitabu cha mwakani, kila familia ikae na mkubwa wake ichore ramani ya mtaa wake, kwa karatasi na kalamu ya risasi, bila ya kuogopa ubovu wa mchoro. Nimejaribu na baadhi ya familia, na haya ndiyo niliyojifunza.

Anza mlangoni kwako, utoke kama ulivyokuwa ukitoka asubuhi kwenda chuoni au skuli. Mguu hukumbuka kuliko kichwa. Waulize wanawake peke yao na wanaume peke yao, kwani miji yao ilikuwa miwili. Wanaume watakupa mabaraza na misikiti. Wanawake watakupa milango ya nyuma, njia za kupita bila kuonekana, mfereji, na nyumba ambayo mtu akiumwa usiku huitiwa mkunga. Andika sababu ya jina: mchenza, mkunazi na mwembe ilikuwa miti ya kweli kabla haijawa mitaa. Wakibishana, usihukumu, andika visima vyote viwili, na jina la kila mwenye kisima chake. Nyumba iliyovunjwa ichore kwa nukta, uandike mwaka wake kama wajulikana. Na ukifika mahali usipopajua, usipapambe. Andika jina la mtu wa kumwuliza, kisha mpigie simu.

Nina onyo moja, nalo ni zito. Ramani hizi si hati za kudai nyumba. Najua kuwa wapo waliopoteza majumba, na donda lao liko pale pale. Mambo hayo yana mahali pake na watu wake. Tukizichanganya, mzee ataogopa kusema, na jirani aliyeko Unguja leo ndani ya nyumba ile atafunga mlango tutakapomwuliza. Tunataka kuhifadhi kujuana, na huko hakuna mahakama iwezayo kuturudishia.

Ramani zikikusanyika, insha'Allah tutazipatanisha juu ya karatasi moja kubwa, na nakala tuipeleke Unguja kwa vijana wanaoendelea na kazi ile, wao watusahihishe sisi na sisi tuwaongezee wao. Mji wajengwa kila siku. Kesho mtu mwengine atakuja na rula. Akiikuta karatasi imejaa, atalazimika kuuliza kabla ya kupiga mstari.

Mimi bahasha ninayo. Wiki iliyopita nilimpelekea yule mwenzetu aliyenyamaza, nikamwachia na kalamu. Mmoja wa wale wazee wawili wa kisima amekwisha tangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na kisima chake kipo pale pale alipokiandika. Upande wa mashariki bado pana nafasi. Wengine walio na kitu cha kupaweka wasingoje hitma nyengine.

Wabillahi tawfiq.